Ada Yangu Ililipwa kwa Matumbawe

Ndugu msomaji, kama ulisoma kemia ya sekondari hapa kwetu, jaribio hili unalijua. Unachukua maji ya chokaa, yale yaliyotuama mpaka yakawa angavu kama maji ya kunywa, unayatia kwenye testi tyubu, halafu unapuliza kwa mrija. Maji yanageuka maziwa. Mwalimu anasema, "Mmeona? Hiyo ndiyo hewa ya ukaa." Mnaandika kwenye daftari, kengele inalia, mnakwenda zenu.

Shule yetu haikuwa na chokaa ya maabara. Siku moja kabla ya kipindi mwalimu akauliza nani anaweza kuipata mtaani, nikanyoosha mkono haraka kuliko wote. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa huko Mikindani, na debe la chokaa lilikuwa halikosekani uani kwake. Kwa hiyo siku hiyo kidato cha pili kizima tulipuliza chokaa ya babu yangu.

Sasa mimi nilipuliza kupita kiasi. Si utafiti, bwana, ni utundu tu. Tulikuwa tunashindana mapafu na jamaa wa dawati la nyuma. Nikapuliza mpaka masikio yakaziba. Maji yakawa maziwa, yakakaa maziwa, halafu, kumbe, yakaanza kupauka. Nikaendelea. Mwisho yakawa angavu tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwalimu akapita, akatazama, akasema, "Wewe umeharibu jaribio. Mwaga, anza upya."

Nikamwaga. Leo nataka kurudi kwenye ile testi tyubu, maana nimekuja kugundua kwamba ndani yake mlikuwa na bahari, nyumba ya babu yangu, na ada yangu ya shule.

Hebu kwanza nieleze kazi ya babu, kwa kuwa wasomaji wengi wa mjini mnaijua chokaa ya mifuko tu. Walisubiri bamvua. Maji yakipwa sana mwamba unabaki wazi, nao wanatembea juu yake na mitaimbo, wanang'oa tumbawe. Walilipenda lile la duara, zito, ambalo likiwa bichi ni laini kiasi cha kukatwa kwa shoka. Wanapakia mtumbwini, wanamwaga ufukweni, wanaliacha likauke hadi ile harufu ya kuoza iishe. Halafu wanapanga tanuu: magogo ya minazi na mikoko kwa mduara, safu juu ya safu, mawe juu kabisa. Moto unawashwa jioni. Usiku kucha watu hawalali, wanakunywa kahawa na kusimuliana uongo. Asubuhi mawe yamekuwa meupe, umbo lile lile, lakini ukilibeba moja unashtuka, jepesi. Unanyunyiza maji, linapiga kelele kama samaki kwenye kikaango, linatoa mvuke, linapasuka, linakuwa unga.

Babu hakuwa na mizani ya maabara ila alijua kwa mkono kwamba jiwe likipita motoni linapoteza karibu nusu ya uzito wake. Kemia inasema hivyo hivyo. Kilo 100 za jiwe safi la chokaa, likipata joto la kama sentigredi 900, zinatoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za hewa ya ukaa inayopaa angani. Na fundi akishapaka chokaa ukutani, kazi inaanza kurudi nyuma: ukuta unavuta hewa ya ukaa polepole, miezi na miaka, mpaka chokaa inakuwa jiwe tena. Kwa hiyo ukuta wa chokaa wa pwani kikemia ni tumbawe lililotembea. Limetoka baharini, limepita motoni, limesimama nchi kavu.

Wazee wetu walifanya hivi zamani sana. Kule Kilwa Kisiwani sehemu kongwe ya Msikiti Mkuu ni ya karne ya 11, na karne ya 14 ukapanuliwa mno, wakati ule ule ilipojengwa Husuni Kubwa. Kuta ni mawe ya matumbawe ya kale yaliyochimbwa ardhini, zimeshikwa na chokaa. Lakini penye nakshi, kama mihirabu na vizingiti, waliweka tumbawe bichi kutoka majini, kwa sababu linachongeka kabla halijakauka. Yule fundi hakuandika kitabu chochote kuhusu kalsiamu. Lakini alijua wakati gani jiwe ni laini, wakati gani linakuwa gumu, na moto kiasi gani unalibadili. Mimi nasema hiyo nayo ni historia ya sayansi, hata kama haiko kwenye silabasi.

Swali ambalo babu hakujiuliza, wala mimi, ni hili: jiwe lenyewe liliingiaje baharini? Nyie mmewahi kuona jiwe kwenye gilasi ya maji ya bahari? Hamna. Ni maji tu na chumvi.

Watu wa Ulaya walianza kuisumbukia chumvi hiyo kwa sababu nyingine. Mwaka 1715 Edmond Halley, yule wa nyota yenye mkia, alipendekeza kwamba mito inabeba chumvi kidogo kidogo, maji yanapanda kuwa mvuke, chumvi inabaki, basi kama ungejua bahari inavyozidi kuwa ya chumvi ungejua umri wa dunia. Akasikitika kwamba Wayunani wa kale hawakutuachia vipimo. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1899, John Joly wa Dublin akapiga hesabu hiyo kwa sodiamu na kupata umri wa miaka kati ya milioni 80 na 90. Leo tunajua dunia ina miaka kama bilioni 4.5. Joly hakuwa mjinga wa hesabu. Alidhani bahari ni ghala ambalo vitu vinaingia tu, havitoki.

Wakati huo watu wengine walikuwa wanapima maji yenyewe. Alexander Marcet, daktari mzaliwa wa Geneva aliyefanya kazi London, alikusanya chupa za maji kutoka bahari mbalimbali, za baridi na za joto, na mwaka 1819 akatangaza jambo ambalo mpaka leo linanistaajabisha: maji yanaweza kuwa na chumvi nyingi au kidogo, lakini aina za chumvi ni zile zile na uwiano wao ni ule ule. Baadaye meli ya Kiingereza Challenger ilizunguka dunia kuanzia Desemba 1872 hadi Mei 1876. Pwani yetu haikupita, ilitoka Cape Town ikashuka kwenye barafu la kusini. Iliporudi, William Dittmar wa Glasgow akakaa na sampuli 77 za maji, kutoka juu na kutoka vilindini, akazipima kwa mkono mmoja mmoja, na mwaka 1884 majibu yakatoka. Marcet alikuwa sahihi. Katika kilo moja ya maji ya bahari ya kawaida kuna kama gramu 35 za chumvi: klorini gramu 19 na ushee, sodiamu karibu 11, salfeti 2.7, magnesiamu 1.3, kalsiamu 0.4, potasiamu 0.4. Ukichota Msasani au ukichota Brazil, uwiano ni huo. Sababu ni kwamba bahari huchanganyika yote kwa muda wa kama miaka elfu moja, na chumvi hizi kuu zinakaa humo mamilioni ya miaka. Zina nafasi ya kutosha kuzunguka.

Lakini Dittmar aliona kitu kidogo, na hiki ndicho kinanihusu mimi. Kalsiamu ilikuwa imezidi kidogo sana kwenye maji ya vilindini kuliko ya juu. Tofauti ndogo, lakini ipo. Shikilia hapo, tutarudi.

Kabla ya Dittmar alikuwapo Mdenmark mmoja, Georg Forchhammer wa Copenhagen. Huyu kwa kama miaka 20 alikuwa akiwaomba mabaharia wamletee maji kutoka kila walikokwenda, na mwaka 1865, ambao pia ndio mwaka aliofariki, akachapisha matokeo yake. Akauliza swali la kitoto: kama bahari imejazwa na mito, mbona haifanani na mito? Chukua mto wa wastani wa dunia. Maji yake yana kalsiamu zaidi ya mara mbili ya sodiamu. Ukienda baharini sodiamu ni kama mara 26 ya kalsiamu. Ruvuma na Rufiji na mito yote inabeba kalsiamu usiku na mchana, inaimwaga. Inakwenda wapi?

Forchhammer akajibu kwamba wingi wa kitu baharini haufuati kiasi kinacholetwa na mito, unafuata urahisi wa kukiondoa. Kalsiamu inaondolewa na viumbe. Konokono, chaza, matumbawe, vijidudu visivyoonekana kwa macho, wote wanaichota kujengea nyumba. Sodiamu hakuna anayejenga nayo, basi imebaki na kurundikana.

Fikiria sinia la pilau kwenye shughuli. Sinia likirudi jikoni limejaa wali na iliki, hakuna nyama, mgeni wa mbali anaweza kusema mwenye shughuli alikuwa bahili, hakuweka nyama. Wewe uliyepakua unajua nyama ilikuwapo, imeliwa. Uchumvi wa bahari ni lile sinia lililorudi, na Joly alikuwa yule mgeni wa mbali. Tumezoea kusema bahari ndiyo inayowatengeneza samaki na matumbawe, na ni kweli, lakini viumbe nao wameitengeneza bahari. Ladha ile unayoionja ukimeza maji Kigamboni kwa bahati mbaya, kwa sehemu fulani, ni historia ya nani alijenga nini na kuacha nini.

Si kalsiamu peke yake. Naitreti na fosfeti, ambazo ni mbolea ya mimea midogo ya baharini, juu karibu hazipo kwa kuwa zinaliwa mara moja, chini zimejaa. Ndiyo maana upepo una maana. Kusi ikivuma kwa nguvu pwani ya Somalia, maji ya juu yanasukumwa mbali na maji baridi ya chini yanapanda na mbolea yake, na bahari ile inakuwa na uhai mwingi. Mwaka 1933 hadi 1934 meli ya Kimisri, Mabahith, yenye mabaharia Wamisri na wanasayansi wa Kiingereza na Kimisri, ilizunguka Bahari ya Hindi ikipima mambo haya, na ikatia nanga Mombasa na Unguja. Fedha za safari zilitoka kwenye urithi wa John Murray, ambaye katika ujana wake alisafiri na Challenger. Napenda sana kuifikiria meli hiyo bandarini, mkemia wa Alexandria anashuka na chupa zake, na mita chache tu pembeni jahazi linapakua chokaa. Kama walizungumza sijui. Lugha za kuelewana hazikukosekana.

Turudi kwa Dittmar na kalsiamu yake iliyozidi chini. Wale wa Challenger walipokuwa wanateremsha vyombo mpaka sakafu ya bahari waliona hivi: kwenye kina cha wastani sakafu imefunikwa na tope jeupe, magamba ya vijidudu vilivyokufa juu na kushuka kama vumbi. Ukizidi kwenda chini, kama mita 4,000 au 5,000, weupe unapungua, halafu unakwisha kabisa, unabaki udongo mwekundu. Magamba yananyesha kule kule juu sawasawa, lakini chini hayafiki. Yameyeyuka njiani au yalipotua. Kwa nini? Sababu moja ni ubaridi, nyingine ni mgandamizo. Ya tatu ni kwamba kila kinachokufa juu kinazama na kuoza, na wanaokiozesha wanapumua. Maji ya vilindini yamepulizwa hewa ya ukaa kwa karne nyingi, na hayajapata nafasi ya kuitoa.

Yamepulizwa kupita kiasi! Ndiyo testi tyubu yangu. Hewa ya ukaa ya kwanza ilikutana na chokaa ya babu ikatengeneza jiwe, vipande vidogo vidogo, hayo ndiyo maziwa. Nilipozidi kupuliza, hewa ya ziada ikatengeneza asidi dhaifu, ile ile ya soda ya chupa, ikaliyeyusha jiwe kuwa bikaboneti, na bikaboneti haionekani majini. Sikuharibu jaribio. Nilifanya majaribio mawili kwa kikao kimoja, la pwani na la kilindini, na nikaamriwa nimwage.

Sasa hapa ndipo hadithi inapoacha kuwa ya kufurahisha. Mwaka 1957 Roger Revelle na Hans Suess waliandika kwamba binadamu, kwa kuchoma makaa ya mawe na mafuta, wanafanya jaribio kubwa ambalo halijapata kufanywa. Mwaka uliofuata Charles Keeling akaanza kupima hewa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Ilikuwa na kama sehemu 315 za hewa ya ukaa katika milioni. Leo zimepita 420. Karibu robo ya hewa hiyo tunayotoa inaingia baharini. Maji ya juu ambayo kabla ya viwanda yalikuwa na pH ya kama 8.2 sasa yako kama 8.1. Usiidharau hiyo nukta moja. Kipimo hicho kinapanda kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Nukta moja ni ongezeko la asidi la kama asilimia 30.

Tusitishane bure. Bahari haijawa siki, na matumbawe hayayeyuki mbele ya macho yako. Maji bado ni ya upande wa besi. Kinachopungua ni kaboneti, ile fungu la pili la tofali ambalo tumbawe linalihitaji pamoja na kalsiamu. Kalsiamu ipo tele kama zamani. Ni kama fundi mwenye mchanga mwingi na saruji inayoadimika. Atajenga, lakini polepole, kwa jasho zaidi, na ukuta wenye matundu. Na hilo ni mbali na joto, ambalo ni adui mwingine. Mwaka 1998 maji yalipopata joto la ajabu, matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka na mengi yakafa, kuanzia Kenya mpaka Mafia. Yakapauka tena mwaka 2016, na tena 2024.

Nilikwenda Mikindani na habari zote hizi kichwani, kifua mbele. Babu ameshaacha kuchoma siku nyingi. Kung'oa matumbawe ni marufuku, na mwili wenyewe umechoka. Kuna siku kwenye kikao kimoja cha kijiji kijana mmoja aliyetoka semina alimwambia mbele za watu kwamba wazee kama yeye ndio walioua mwamba. Babu alirudi nyumbani hakula. Mimi nikadhani nimemletea utetezi.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Umekonda. Mjini hakuna chakula?"

Nikamweleza. Testi tyubu, Forchhammer, moshi wa nchi za mbali, nukta moja ya pH. Nikamwambia aliyeumiza mwamba si yeye peke yake, si hata yeye zaidi. Kuna baruti, kuna joto, kuna viwanda ambavyo hajawahi kuviona. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza lile tumbawe la duara linakua kiasi gani kwa mwaka. Nikasema kama sentimita moja, pengine pungufu. Akanyoosha mikono yake, upana wa jiwe la kubebwa na watu wawili, akatazama nafasi iliyopo kati ya viganja vyake.

"Hilo lina umri gani?"

"Kama miaka hamsini, babu. Kutoka katikati mpaka ukingoni."

"Na mimi nilikuwa nang'oa kumi kabla maji hayajajaa."

Nikataka kusema kitu, akanikatiza. Ada yako, akasema, ilikuwa tanuu mbili kwa mwaka, na tanuu moja inakula mitumbwi kumi na mbili ya mawe. Miaka minne. Nikapiga hesabu kimoyomoyo: mitumbwi 96. Akasema usisahau mama yako naye alisoma, na wajomba zako. Hakusema kwa hasira, wala hakulia. Alikuwa anahesabu tu, kama mtu anayetaka daftari la dukani lisomeke sawasawa kabla hajalifunga.

Nikamuuliza kama anajuta. Akaniuliza mimi kama nitairudisha shule.

Mpaka leo sijapata la kumjibu, na nimeandika ukurasa huu mara tatu nikijaribu. Utetezi wangu wa kemia ulikuwa wa kweli wote, na haukumsaidia, kwa sababu yeye hakuwa anatafuta wa kugawana naye lawama. Alitaka kujua umri wa jiwe.

Jioni akataka tambuu. Chokaa yake ya kupaka kwenye jani anaiweka kwenye kikopo cha zamani cha maziwa ya unga, mabaki ya tanuu ya mwisho, imelowekwa na maji yametuama juu. Akaniambia nimletee. Juu ya maji kulikuwa na utando mweupe, mwembamba kama karatasi ya sigara. Hewa ya chumbani, pumzi ya babu usiku kucha, imeshuka juu ya maji na kuwa jiwe. Akautoboa kwa kidole, akachota, akapaka jani, akafunika kikopo na sahani. Asubuhi nilipofunua, utando ulikuwa umeanza tena.